Bisibisi Inayoteleza: Historia ya Maonesho ya Wauza Oili

Katika mtaa mmoja wa gereji ninakopeleka gari langu linaposumbua, nilimkuta kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, amezungukwa na madereva na mafundi wapatao ishirini. Mbele yake, juu ya meza, palikuwa na mashine ndogo: mota ya umeme inayozungusha pete ya chuma, kipande kingine cha chuma kinachoikandamiza pete hiyo, na mkono mrefu wa kuning'inizia uzito. Alimimina oili ya kawaida, akawasha mota, akaning'iniza uzito. Punde chuma kikaanza kulia, mota ikakwama. Akafuta, akaongeza matone machache kutoka kwenye kichupa chake, akarudia. Safari hii aliongeza uzito mara mbili, mara tatu, na mashine ikaendelea kuzunguka kimya kimya. Umati ukaguna kwa mshangao. Shemeji yangu, mwenye Noah ya kubeba abiria aliyoinunua kwa mkopo wa SACCOS, alinunua vichupa viwili papo hapo. Mimi sikumshauri neno. Nina shahada ya uzamivu, lakini nilikuwa nimeduwaa kama wengine.

Aibu hiyo ndiyo iliyonirudisha maktaba. Nilichokikuta humo ni kwamba meza ile ina ukoo mrefu.

Mwaka 1893, katika maonesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago, Clark Stanley alijipatia umaarufu kwa kuchinja nyoka aina ya kayamba mbele ya umati na kuwachemsha, ili kuthibitisha kwamba mafuta yake ya kuchua yalitokana kweli na nyoka. Watazamaji walimwona nyoka akifa na mafuta yakielea juu ya maji, wakatoa fedha. Baada ya Marekani kupitisha sheria ya vyakula na dawa ya mwaka 1906, maofisa wa serikali waliyapima mafuta yale. Ndani yake walikuta mafuta mepesi ya madini yatokanayo na petroli, mafuta kidogo yaliyodhaniwa kuwa ya ng'ombe, pilipili, na pengine chembe za kafuri na tapentaini. Nyoka hakuwamo. Stanley alitozwa faini ya dola 20. Ninaomba msomaji ayakumbuke mafuta hayo ya madini, maana tutakutana nayo tena karne nyingine, yakiwa ndani ya injini.

Magari yalipoenea, mtindo ule ulihamia kwenye vilainishi. Kampuni ya STP ilianzishwa mwaka 1953 huko Saint Joseph, Missouri, lakini aliyeipa jina kubwa ni Andy Granatelli, aliyeshika uongozi wake mwaka 1963. Granatelli alikuwa mtu wa mbio za magari na mtu wa jukwaa kwa wakati mmoja. Onesho lake lililopendwa sana lilikuwa la bisibisi. Ncha ya bisibisi ilichovywa ndani ya STP, kisha mtu akaombwa kuishika kwa vidole viwili bila kuiachia. Haikushikika. Ilichoropoka kama kambare mkononi mwa mtoto, na mtazamaji wa televisheni alibaki na wazo moja kichwani: kama inateleza hivyo vidoleni, itateleza namna gani ndani ya injini yangu?

(Si haki kumtania marehemu, lakini historia ina mizaha yake. Mwaka 1967, katika mbio za Indianapolis, gari la Granatelli lenye injini ya tabo lilikuwa likiongoza kwa mbali, likazimika zikiwa zimebaki duru chache tu kumaliza. Chanzo kilikuwa beringi moja ya bei ndogo. Sisemi kwamba ilikosa STP, na aliupata ushindi wake mwaka 1969 kupitia Mario Andretti.)

Kwa nini onesho la bisibisi halithibitishi kitu? Jibu lilikuwa limeshapatikana miaka themanini kabla ya Granatelli, nalo lilipatikana kwa onesho pia, ingawa ni onesho la namna tofauti kabisa. Mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower aliajiriwa na Taasisi ya Wahandisi Mitambo ya Uingereza kuchunguza msuguano katika beringi za ekseli za treni. Taarifa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1883. Katika majaribio yake alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kifaa cha kutilia mafuta. Mtambo ulipowashwa, mafuta yakaanza kupanda na kutoka kupitia tundu lile. Aliliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akaweka kipande cha mti, nacho kikatoka. Hakukasirika wala hakutafuta tundu jingine; alifunga geji ya kupima mgandamizo, na mshale ukapita paundi 200 kwa inchi ya mraba, wakati uzito uliowekwa juu ya beringi ulikuwa na wastani wa paundi 100 tu kwa inchi ya mraba. Mafuta yalikuwa yameinua chuma. Ekseli inayozunguka ilikuwa ikiyavuta mafuta ndani ya nafasi nyembamba na kujitengenezea utando wa kuelea juu yake, kiasi kwamba chuma hakikugusana na chuma. Mwaka 1886 Osborne Reynolds aliandika hesabu za jambo hilo, na hesabu hizo ndizo zinazofundishwa hadi leo katika vyuo vya uhandisi, vikiwamo vya kwetu.

Tazama tofauti. Tower hakujua kizibo kitaruka. Muuzaji wa oili anajua tangu nyumbani kwake kitakachotokea mezani.

Basi, ndani ya injini inayozunguka, krenki shafti inaelea juu ya utando wa oili. Kinachoulinda utando huo ni uzito sahihi wa oili, pampu nzima, na oili safi isiyochoka. Utelezi wa vidoleni hauna uhusiano mkubwa na hayo. STP ya bisibisi ilikuwa nzito na yenye kuvutika. Ukiimimina ndani ya injini, jambo la hakika ni kwamba unaifanya oili kuwa nzito kuliko alivyoagiza mtengenezaji wa gari. Jarida la Consumer Reports lilitoa onyo la namna hiyo mwaka 1971. Mwaka 1978 kampuni ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kulipa dola 700,000 kuhusu madai yake ya matangazo, na sehemu ya fedha hizo ilitumika kuchapisha tangazo magazetini kueleza umma juu ya malipo hayo hayo.

Nirudi kwenye mashine ya kijana wetu. Ni ndugu wa mashine iliyobuniwa na kampuni ya Timken, watengenezaji wa beringi, kwa ajili ya kupima grisi na mafuta ya gia chini ya mgandamizo mkali. Kama kipimo cha maabara, ni kifaa cha heshima. Hila iko katika kukihamishia kwenye oili ya injini. Mashine ile inakandamiza chuma dhidi ya chuma katika mstari mwembamba sana, mahali ambapo utando wa Tower hauwezi kusimama. Katika hali hiyo, kinachookoa chuma ni kemikali inayokishambulia na kukivika ngozi laini. Klorini inaifanya kazi hiyo vizuri mno, na ndiyo maana viongezeo vingi vilivyopata kung'ara kwenye mashine hii vimekuwa na mafuta ya taa ya mgando yaliyotiwa klorini. Ndiyo maana pia jiki ya kufulia nguo, ukiitia kwenye mashine hiyo hiyo, inaweza kuishinda oili nzuri ya injini. Hakuna fundi atakayetia jiki kwenye injini ya mteja. Klorini ikikutana na joto na unyevu ndani ya injini huelekea kuzaa asidi, na asidi ni adui wa beringi. Sifa inayompa muuzaji makofi mezani yaweza kuwa ndiyo hiyo inayokula injini polepole.

Zipo sehemu za injini ambako chuma hugusana kweli, kwa mfano kwenye kamshafti, na hasa injini inapowashwa ikiwa baridi. Lakini watengenezaji wa oili walilijua jambo hilo zamani. Oili ya kawaida inauzwa ikiwa tayari imetiwa viambato vya kulinda sehemu hizo, kwa vipimo vilivyopatanishwa na viambato vingine. Ubora wake haupimwi kwa pete na uzito mezani. Hupimwa kwa injini halisi zinazoendeshwa kwa saa nyingi, kisha zikafunguliwa na vipuri vyake kukaguliwa. Herufi zile kwenye galoni ambazo wengi hatuzisomi, SN au SP kwa petroli, CI-4 au CK-4 kwa dizeli, ni muhtasari wa mitihani hiyo.

Onesho jingine, ambalo miaka ya 1990 lilitawala matangazo marefu ya televisheni huko Marekani, ni la gari kumwagwa oili yote na kuendelea kutembea. Hapa wanafunzi wangu wa mbinu za utafiti wanapaswa kuuliza swali moja: gari la kulinganishia liko wapi? Injini iliyomwagwa oili haijakauka. Utando hubaki kwenye kuta na ndani ya beringi, na kama haibebi mzigo inaweza kuzunguka kwa muda bila kichupa chochote. Mtazamaji anaoneshwa gari moja na kuachwa alibuni la pili kichwani mwake.

Mahakama na tume za Marekani zilichukua muda kukubali kwamba onesho nalo ni aina ya usemi, na kwamba laweza kusema uongo. Hatua kubwa ilipigwa mwaka 1965, si kwa oili bali kwa sabuni ya kunyolea. Kampuni ya Colgate-Palmolive ilionesha msasa ukinyolewa kwa urahisi mara tu baada ya kupakwa sabuni yake. Kumbe kilichonyolewa kilikuwa kioo cha plastiki kilichonyunyiziwa mchanga. Msasa wenyewe ulihitaji kulowekwa kwa takriban dakika 80. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubaliana na tume kwamba ule ulikuwa udanganyifu, kwa sababu mtazamaji aliaminishwa kuwa anashuhudia uthibitisho kwa macho yake.

Baada ya hapo orodha ni ndefu na nitaipitia haraka. Slick 50 walifikia makubaliano mwaka 1997 ya fidia ya angalau dola milioni 10. Tume ilieleza kwamba injini nyingi zinalindwa vya kutosha wakati wa kuwashwa zikitumia tu oili iliyoelekezwa kwenye kitabu cha gari. Dura Lube walikubali dola milioni 2 mwaka 2000. Shauri la zMax, lililofunguliwa mwaka 2001, ndilo linalonivutia zaidi. Tume ilidai kwamba kipimo ambacho wauzaji wenyewe walikitumia kujisifu kilionesha oili yenye kiongezeo chao ikisababisha kutu ya beringi zaidi ya mara mbili ya oili tupu, na kwamba bidhaa yenyewe haikuwa zaidi ya mafuta ya madini yaliyotiwa rangi. Shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2003. Stanley angeyatambua mafuta yale.

Kwetu, sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, nayo Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini kijana wa shati jeupe hana anwani. Anafika asubuhi, anaondoka jioni, na mlalamikaji hugundua hasara yake baada ya miezi kadhaa, wakati hawezi tena kuthibitisha kilichoiua injini. Ninawaomba hasa ndugu zetu walio katika ofisi za ununuzi na usafirishaji serikalini, kwa sababu meza ile nayo huvaa tai na kuingia kwenye viwanja vya ofisi. Akija mzabuni na mashine, mwambieni aiache getini, alete cheti cha bidhaa na barua ya mtengenezaji wa magari mnayoyatumia.

Shemeji aliambiwa kwamba akitumia kichupa anaweza kukaa mara mbili zaidi bila kumwaga oili. Aliamini, na sehemu hiyo ya ahadi ndiyo iliyomgharimu kuliko bei ya kichupa. Noah ilinoki ikiwa na abiria. Fundi alipofungua sampu alikuta tope jeusi kama lami. Injini ya mtumba ilimla mapato ya miezi minne, na marejesho ya SACCOS hayakusubiri. Nilipomwuliza kwa nini hakunishauri kwanza, alinijibu bila hasira: "Shemeji, si tulikuwa wote? Tuliona kwa macho yetu."

Sikuwa na la kujibu. Sasa anamwaga oili kila kilomita 5,000 na anasoma herufi kwenye galoni. Kichupa cha pili, ambacho hakuwahi kukifungua, amekitumia kwenye bawaba za geti la nyumbani kwake. Anasema halipigi kelele tena.