Kisukari cha paka: Alishwe nini paka mzee asiyewinda tena?

Katika vijiji vya sekta ya Cyanzarwe, wilayani Rubavu, magharibi mwa Rwanda, paka hufugwa kwanza ili alinde mahindi na maharage dhidi ya panya. Hula anachokikamata, kisha huongezewa mabaki ya chungu: ugali, viazi, maharage, na siku ya neema vichwa vya sambaza kutoka Ziwa Kivu.

Utaratibu huo humfaa paka angali kijana. Mwili wa panya una protini nyingi, mafuta ya wastani na wanga kidogo mno, na hicho ndicho chakula ambacho paka ameumbiwa. Matatizo huanza uzeeni, pengine baada ya miaka 10, viungo vinapokakamaa na meno kung'oka. Panya humshinda mbio, naye hubaki na mabaki ya chungu peke yake, yaani wanga karibu mtupu. Mlo wake hubadilika bila mwenye nyumba kuamua lolote.

Mate ya paka hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ini lake halimudu vyema sukari nyingi inayoingia kwa mkupuo. Hata hivyo, haijathibitishwa kwamba ugali peke yake humsababishia paka kisukari. Yanayojulikana kumwongezea hatari ni unene, kukaa bila kujishughulisha, umri mkubwa na dawa za jamii ya steroidi, na madume waliohasiwa huathirika zaidi. Nchini Uingereza, ambako paka wengi hushinda ndani wakinenepa, takriban mmoja kati ya 200 ana maradhi haya.

Dalili zinazoweza kupotosha

Paka mwenye kisukari hunywa maji kupita kiasi, hukojoa sana, hula kwa pupa na bado hukonda. Baadhi hudhoofika miguu ya nyuma hata wakakanyaga kwa visigino badala ya vidole. Lakini kiu na kukonda ni dalili pia za maradhi ya figo na ya tezi ya shingo, ambayo huwapata sana paka wazee, hivyo kukisia hakufai. Hata kipimo kimoja cha damu hakitoshi, kwani hofu ya kushikwa kwa nguvu hupandisha sukari ya paka asiye mgonjwa. Daktari hutazama pia mkojo. Wa kwanza kuulizwa ni daktari wa mifugo wa sekta, ingawa siku zake nyingi hupita kwenye mazizi ya ng'ombe.

Kilichopo jikoni

Wataalamu wengi hupendekeza wanga usizidi asilimia 12 hivi ya nishati anayopata paka mgonjwa. Chakula cha makopo mara nyingi hukidhi kiwango hicho kuliko kile kikavu cha punje, lakini bei yake si ya kila nyumba. Kwa Rubavu, jibu lililo karibu zaidi ni sambaza, samaki waliopandikizwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, pamoja na mayai ya kuchemsha na nyama ya kuku.

Samaki hao wapikwe, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Maji ya kuchemshia yasimwagwe: taurini huyeyukia humo, na paka hawezi kujitengenezea ya kutosha. Akiikosa kwa muda mrefu, macho hupofuka na moyo hudhoofika. Waliokaushwa kwa chumvi waloweshwe kwanza. Fungu la paka litengwe kabla ya kuunga, kwa kuwa vitunguu, maji na saumu, huharibu chembe nyekundu za damu yake. Maziwa nayo yana sukari ambayo paka wengi wakubwa hawaimeng'enyi vizuri. Na iwapo figo zimeathirika, mifupa ya sambaza huleta fosforasi nyingi mno; hapo daktari ndiye mwenye uamuzi.

Hatari ya haraka

Chakula peke yake mara chache hutosha. Wagonjwa wengi huhitaji insulini mara mbili kwa siku. Hapa ndipo nia njema inapoweza kuua. Paka anayedungwa insulini akiondolewa wanga ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari yake inaweza kushuka hadi akayumba, akatetemeka na kushikwa na degedege. Akifikia hapo, hupakwa asali au maji ya sukari kwenye fizi na kupelekwa kwa daktari mara moja. Mlo ubadilishwe taratibu, na daktari apunguze dozi kadiri sukari inavyoshuka.

Kumnyima chakula paka mnene ili apungue ni kosa jingine. Akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta hurundikana kwenye ini na kuhatarisha maisha yake. Asilimia moja ya uzito kwa wiki yatosha, yaani gramu 60 kwa paka wa kilo sita.

Wanaogunduliwa mapema wana matumaini zaidi. Baadhi yao, wakipewa insulini na chakula chenye wanga kidogo, huacha kabisa kuhitaji sindano baada ya miezi kadhaa, ingawa maradhi yanaweza kurejea iwapo watarudishiwa mlo wa zamani.