Hoteli Iliyogeuka Kifungo

Mji wetu wa Likasi umezaliwa na shaba pamoja na reli. Mwaka 1910 gari la moshi kutoka kusini lilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Toka huko njia ya chuma iliendelea kuja pande zetu, na mwaka 1918 ikafika Bukama. Mwaka 1931 Tenke iliunganishwa na reli ya Benguela, hata msafiri aliyeshuka melini kule Lobito, pwani ya Angola, aliweza kutufikia kwa gari la moshi.

Penye stesheni pana wageni, na penye wageni pana hoteli. Mji huu, ulioitwa zamani Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi wa Kibelgiji, ulikuwa na hoteli iliyoitwa Hôtel de l'Europe. Jina lenyewe latosha kutuambia ni wageni gani waliongojwa humo. Siku zile, katika miji ya Kongo, Mzungu alikaa upande wake na Mwafrika upande wake. Mweusi aliingia katika hoteli za namna ile kwa mlango wa jikoni: yeye ndiye mpishi, ndiye dobi, ndiye mwenye kufagia. Kulala humo kama mgeni hakukuwa fungu lake.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Umoja wa Mataifa ukaleta askari. Mwanzoni mwa Septemba 1961 kikosi kimoja cha Ayalandi, watu 150 na zaidi, wengi wao vijana, kilitumwa Jadotville chini ya Kommanda Pat Quinlan. Kiliambiwa kiwalinde Wazungu wa mji. Kumbe wenyeji wengi hawakukitaka.

Jumatano tarehe 13 Septemba, asubuhi, wengi wa askari hao walikuwa katika Misa uwanjani. Ndipo waliposhambuliwa na majandarme wa Katanga, walioongozwa na maofisa na mamluki wa Kizungu. Vita vikaendelea siku tano. Ndege ya Fouga Magister ikawapiga toka juu. Wenzao waliotoka Elisabethville kuwasaidia walizuiwa penye daraja la Lufira. Maji yakawaishia. Helikopta moja ilifaulu kuwaletea maji, lakini yalikuwa yamewekwa katika madebe ya petroli, hata hayakunyweka. Jumapili tarehe 17 Septemba, risasi na maji vimekwisha, wakaweka silaha chini. Watano walikuwa wamejeruhiwa, wala hakufa hata mmoja.

Basi, mateka hao waliwekwa wapi? Waliwekwa katika Hôtel de l'Europe. Tazameni jinsi dunia inavyogeuka! Hoteli yenye jina la Ulaya sasa imejaa watu wa Ulaya, lakini ufunguo hawana. Kuta ni zile zile, paa ni lile lile, na mlangoni wamesimama majandarme wenye bunduki. Hapo twafahamu kwamba kinachotenga hoteli na gereza si kitanda wala sahani. Ni kule kuweza kuondoka. Mgeni aliyefungiwa si mgeni tena, hata akilala katika chumba kizuri.

Baadaye walihamishwa kutoka mjini kwetu, na mwisho wa Oktoba 1961 wakaachiliwa kwa kubadilishana mateka. Wote walirudi kwao hai. Neno hili tusilipite upesi. Watu waliokuwa na hasira, waliofiwa na wenzao siku chache tu kabla, walikuwa na adui mikononi mwao, nao hawakumwua. Mji wetu waweza kulikumbuka jambo hilo bila aibu.

Kwao Ayalandi askari hao hawakupewa heshima kwa miaka mingi, maana walisalimu amri. Quinlan alifariki mwaka 1997 kabla hajaiona heshima hiyo. Mwaka 2016 kikosi chake kilisifiwa rasmi na serikali, sinema juu ya vita hivyo ikatoka mwaka huo huo, na mwaka 2017 askari wakapewa nishani.

Lakini je, wale waliokufa upande wa Katanga? Mara nyingi hutajwa hesabu ya watu kama 300. Nao walikuwa wana wa watu, wenye mama na wake, na wengi wao walibatizwa kama wale waliowapiga. Sinema haikuwataja majina, wala hakuna nishani iliyotolewa kwa ajili yao.

Katekisimu yatufundisha matendo ya huruma, na katika habari hii tumekutana na matatu: kuwapokea wageni, kuwatembelea wafungwa, na kuwazika wafu. La kwanza hoteli ile ililifanya kwa fedha, tena kwa wachache. La pili lilitimizwa nusu, kwa kuwa wafungwa waliachwa hai. La tatu limebaki mikononi mwetu sisi wa Likasi. Kumzika mtu si kumfukia tu. Ni pia kumtaja katika sala. Mwezi wa Novemba, tuandikapo majina ya marehemu kwa ajili ya Misa, jamaa ambayo mtu wake hakurudi nyumbani Septemba ile ya 1961 ilete jina lake, lisomwe pamoja na mengine.