Kutua Mzigo: Istilahi Moja ya Mazoezi

Klabu yetu ya joging hapa Tabora iliwahi kunipa ratiba ya mazoezi niitafsiri kwa Kiswahili. Ilikuwa ya wiki 12, ya kumwandaa mtu kukimbia kilomita 21. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Jumatatu kukimbia taratibu, Jumanne kukimbia kwa kasi na kupunguza, halafu Jumatano neno moja tu, lile ambalo walimu wa jimu hulitamka "rikavari". Nikaandika "mapumziko", nikazima taa.

Aliyeisoma kwa makini kuliko wote ni kijana wa nyumba ya pili kutoka kwangu. Alikuwa anajiandaa kwa usaili wa jeshi, miezi miwili mbele, na hakuwa na muda wa kupoteza. Kila alfajiri alikwenda Kwihara, nje ya mji, na kurudi kwa miguu yake, jioni akapiga pushapu uani. Kila Ijumaa aliazima tepu ya fundi cherehani, akapima mkono, akaandika hesabu ukutani kwa mkaa: 29, 29, 29 na nusu. Wiki ya nne nikamwona anachechemea.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mguu una nini?"

"Muundi tu unavuta. Kawaida, mwalimu."

"Jumatano hukupumzika?"

"Nilipumzika. Nilikaa chini ya mwembe kama nusu saa, pumzi ikarudi, nikaendelea."

Kijana hakukosea. Alifuata neno, na neno lilikuwa langu. Pumzika ni ndugu wa pumzi na pumua. Ndani yake mna kifua kinachotulia. Mtu akiacha kuhema, Kiswahili kinamruhusu kusema amepumzika. Lakini kile ambacho ratiba ilitaka Jumatano hakikai kifuani. Pumzi hurudi kwa dakika chache. Akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli, baada ya kukimbia kwa muda mrefu, huhitaji siku nzima au zaidi kujaa tena, na huyo mtu awe anakula wanga wa kutosha. Nyuzi za misuli zilizochanika huanza kuuma kesho yake, na maumivu hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Mishipa inayofunga misuli kwenye mifupa, na mifupa yenyewe, huzoea uzito mpya kwa miezi. Muundi wa yule kijana ulikuwa unamdai deni ambalo kifua chake kilishalisahau.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyefanya kazi Montreal, aliandika kwamba mwili ukisumbuliwa hushtuka kwanza, kisha hujizatiti, na usumbufu usipokoma huishiwa. Wataalamu wa mazoezi waliichukua picha hiyo na kuitia kwenye uwanja wa michezo. Mazoezi yenyewe hayamjengi mtu; yanambomoa kidogo. Ujenzi unafanyika baadaye, akiwa amelala au anakula ugali, na mwili ukiachwa umalize kazi yake hujenga ukuta mrefu kidogo kuliko ule uliobomoka. Ukirudi na nyundo kabla tofali halijakauka, ukuta unazidi kufupika, na wewe unajisifu kwamba umetoka jasho.

Kwa hiyo nilihitaji neno la kazi hii ya kimyakimya. Kamusi zilinipa kupona, lakini kupona kunataka ugonjwa kwanza. Zikanipa ahueni, neno zuri, ila mwenye ahueni ni mgonjwa aliyeanza kunywa uji. "Kurejesha nguvu" ni maelezo, na nguvu zenyewe hazirejei palepale zilipokuwa, zinapanda.

Neno lilikuwa chini ya miguu ya yule kijana, kwenye barabara ya Kwihara. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita huku kwetu, na waliobeba mizigo yake ni wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao. Mzigo wa mmoja ulikuwa kama kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Kitendo walichokingojea kutwa nzima ni kutua, yaani kuushusha mzigo. Walipotua paliitwa kituo. Leo tuna kituo cha basi, kituo cha afya, kituo cha polisi, na hatukumbuki kwamba humo ndani kuna mtu anayeinamisha shingo ili pembe la ndovu literemke begani. Utulivu nao ni wa ukoo huohuo.

Hesabu za safari zile zinashangaza. Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aiache pwani. Kwa makadirio yake walikuwa wametembea si chini ya maili 600, karibu kilomita 960. Gawanya: ni kilomita 7 na kidogo kwa siku. Mpagazi hashindwi na kilomita 7. Hizo huzimaliza kabla jua halijawa kali. Zinazoshusha wastani ni siku ambazo mzigo ulikuwa chini. Si kwamba siku zote hizo zilikuwa za raha. Kulikuwa na hongo (ushuru wa kupita) za kujadiliana, homa, utoro, na posho ya kutafuta, kibaba cha nafaka kwa kichwa. Wala sitaki kuipamba njia ile: wapo waliopita humo na minyororo shingoni, na hao hawakuulizwa watue lini. Ila mpagazi wa kazi, aliyekubaliana ujira na kutarajia kurudi tena mwaka ujao, alijua kutua ni sehemu ya safari. Hata mmisionari Livingstone, mwandishi wa habari Stanley alipomwacha Kwihara Machi 1872, alikaa hapohapo hadi Agosti akisubiri watu wa kumbebea mizigo. Kijana wetu alikuwa anagusa Kwihara na kugeuka bila kunywa maji.

Nikaandika upya: Jumatano, mtuo. Siku ya kushusha mzigo. Makocha tayari husema "mzigo wa mazoezi", kwa hiyo neno lina pa kushikia. Mtuo unaweza kuwa kulala, kutembea hadi sokoni, hata kukimbia taratibu huku unaongea. Kipimo chake ni mzigo uliopo chini. Pumzi si kipimo. Kinachonichekesha ni kambi. Kwa mpagazi ilikuwa mahali pa kuwasha moto na kunyoosha mgongo. Kwa mwanasoka wa leo, timu ikiingia kambini ndipo anapokwenda kukamuliwa.

Misafara ilinipa na neno la pili, gumu zaidi. Ukitoka Ugogo kuja Unyanyembe, yaani huku Tabora, kulikuwa na Mgunda Mkali, pori la miiba lenye maji ya kubahatisha, ambalo sasa treni inalipita kwa usingizi wa abiria kupitia Manyoni na Itigi. Pale mwendo wa asubuhi haukutosha kufika kisimani. Wakapika na kula mapema, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua la mchana likiwaka, wakatembea hadi giza, wakalala bila kisima, alfajiri wakainuka tena hadi kwenye maji. Burton aliuandika mwendo huo tirikeza, Stanley akauandika terekeza. Burton aliuhesabu katika mateso makubwa ya safari za huku, lakini mateso hayo yalikuwa na hesabu: yalianza na vibuyu vilivyojaa na yaliishia kwenye maji.

Mwaka 2013 vyama viwili vya wataalamu wa sayansi na tiba ya michezo, cha Ulaya na cha Marekani, vilitoa tamko la pamoja kutofautisha hali tatu ambazo sisi huziita zote "mazoezi ya kupindukia". Ya kwanza ni kujisukuma kwa makusudi: uwezo unashuka siku chache au wiki, ukitua unarudi na nyongeza. Hiyo ndiyo terekeza. Ya pili, uwezo unashuka kwa wiki hadi miezi na nyongeza haipo. Naiita kulemewa. Ya tatu huchukua miezi, wakati mwingine zaidi, pamoja na usingizi mbovu, hasira za bure na kuchukia viatu vyenyewe. Hiyo ni kulemewa sugu, na haitambuliwi kwa macho. Daktari huifikia baada ya kuondoa sababu nyingine, na kwetu Tabora huanza na malaria na upungufu wa damu. Angalieni nilichoepuka. "Mazoezi ya kupindukia" ni jina la kosa, linamlaumu mtu kwa alichofanya. Kulemewa ni jina la hali, linauliza uzito ulikuwa kiasi gani na ulikaa begani muda gani.

Nilimpelekea kijana karatasi mpya. Akaisoma amesimama, mguu mmoja juu ya ngazi.

"Mwalimu, Simbu angekuwa anatua angeshinda Tokyo kwa sehemu tatu za mia za sekunde?"

Alikuwa anamsema Alphonce Simbu, jirani yetu wa Singida, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025. Nikamuuliza kama anajua Simbu alipata shaba kwenye mashindano hayohayo London mwaka gani. Hakujua. Ilikuwa 2017.

"Miaka minane," akasema, na akakaa.

Kwenye mkutano wa klabu mtuo ulipita bila ubishi. Terekeza ndiyo iliyoleta maneno. Mweka hazina alisoma "Jumamosi, terekeza" kwa sauti, akauliza ni nani anayetelekezwa, na kama ni yeye basi tumwambie mapema aache kutoa ada. Kina mama wakacheka hadi kikao kikavunjika. Kwenye nakala iliyobandikwa ukutani nimeandika "mwendo wa terekeza", na pembeni, kwa kalamu nyekundu, nikachora kibuyu.