Mkutubi wa Shule: Mlinzi wa Vitabu au Mwalimu?

Maktaba ya shule yaweza kutazamwa kwa macho mawili. Jicho la kwanza huona ghala: vitabu vimepangwa safu kwa safu, vimetiwa nambari, na mtu mmoja amewekwa kuvihesabu vitokapo na virudipo. Jicho la pili huona darasa, ambamo mtoto hufundishwa kuuliza swali, kutafuta jawabu mahali pengi, kupima neno la mwandishi mmoja kwa neno la mwenziwe, na kukata shauri kwa akili yake. Tofauti hii si ya maneno matupu. Ghala huweza kulindwa na yeyote apewaye ufunguo, lakini darasa haliwi darasa bila ya mwalimu. Historia ya wakutubi wa shule katika Marekani ni historia ya mashindano ya macho hayo mawili, nayo yaonyesha kuwa cheo cha ualimu kilikuwa chepesi kuandikwa katika vitabu vya kanuni, kizito kuwekwa katika ratiba.

Mafunzo ya ukutubi yalianza nchini humo mwaka wa 1887, Melvil Dewey alipofungua chuo cha kazi hiyo Columbia, mjini New York. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye vitabu vya shule vilikaa kabatini, chini ya mwalimu aliyebahatika kuwa na nafasi. Mwaka wa 1900 Mary Kingsbury, aliyehitimu katika chuo cha ukutubi cha Pratt, aliajiriwa katika shule ya sekondari ya Erasmus Hall, Brooklyn. Yeye huhesabiwa kuwa wa kwanza kushika maktaba ya shule akiwa amesomea kazi yake. Miaka mitatu baadaye Mary Hall alipewa kazi kama hiyo katika shule ya wasichana ya Brooklyn. Hall hakuridhika kuwa mtunza rafu. Mwaka wa 1915 aliandika kuieleza maktaba mpya ya sekondari kuwa mahali pa kazi kwa kila somo, akaitenga na ile ya kale iliyokuwa akiba ya vitabu tu.

Mwito huo ulipata nguvu ya kanuni mwaka wa 1920, ilipotolewa taarifa ya kamati iliyoongozwa na C. C. Certain, mwalimu wa Kiingereza wa Detroit. Taarifa ya shule za msingi ilifuata mwaka wa 1925. Inafaa kukumbuka kuwa aliyedai mkutubi apewe elimu na daraja ya kulingana na walimu alikuwa mwalimu wa darasani. Aliyeuona upungufu ni yule aliyehitaji msaada.

Lakini haki hiyo haikuwafikia watoto wote kwa kipimo kimoja. Katika majimbo ya Kusini, sheria za ubaguzi ziliwatenga watoto Weusi katika shule zilizonyimwa fedha, na maktaba ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukosekana. Mwaka wa 1925 chuo cha Hampton, Virginia, kilianza kuwafundisha Wamarekani Weusi ukutubi. Mafunzo hayo yalifungwa mwaka wa 1939, na mwaka wa 1941 Chuo Kikuu cha Atlanta kikaushika mzigo huo. Virginia Lacy Jones aliyaongoza mafunzo ya Atlanta tangu 1945 hata 1981. Basi kuuliza kama mkutubi ni mwalimu kulikuwa pia kuuliza ni mtoto yupi astahiliye mwalimu huyo.

Fedha nyingi zilikuja kwa sababu ya hofu. Mwezi wa Oktoba, 1957, dola ya Kisovieti ilirusha Sputnik angani, na Wamarekani wakazilaumu shule zao. Sheria ya 1958 ilitoa fedha za vifaa vya sayansi, hesabu na lugha za kigeni. Kanuni za 1960 zilitaka mkutubi mmoja kwa kila wanafunzi 300. Tangu mwaka wa 1963 Mfuko wa Knapp uligharimia shule za mfano, ili walimu na wakuu wa shule waone kwa macho kazi ya maktaba iliyokamilika. Kisha tarehe 11 Aprili, 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria kubwa ya elimu nje ya shule ndogo aliyosoma utotoni huko Texas, aliyekuwa mwalimu wake ameketi kando yake. Sheria hiyo iliidhinisha dola milioni 100 kwa mwaka wa kwanza kwa ajili ya vitabu vya maktaba na vifaa vingine vya mafunzo. Rafu zilijaa. Lakini kitabu hununuliwa kwa siku moja, na ushirika wa walimu wawili haununuliwi.

Mabadiliko ya fikra yaonekana katika vitabu viwili vya kanuni vilivyotolewa na chama cha wakutubi wa shule pamoja na chama cha wataalamu wa vyombo vya mafunzo. Kile cha 1988 kilimpa mkutubi kazi tatu: mjuzi wa habari, mwalimu, na mshauri wa mafunzo. Kile cha 1998 kilitaja nne, na ualimu ukatangulia: mwalimu, mshirika katika kufundisha, mjuzi wa habari, na msimamizi. Mshauri amekuwa mshirika. Badiliko hili ni dogo kwa sauti, kubwa kwa maana. Mshauri hungoja kuulizwa, na shauri lake laweza kutupwa. Mshirika huwa na sehemu yake katika kazi na katika lawama.

Tuseme mwalimu wa historia akusudia kufundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Mshirika hangojei wanafunzi waje kuomba vitabu. Hukaa na mwalimu kabla ya somo, wakachagua pamoja barua za askari, magazeti ya Kaskazini na ya Kusini, na ramani. Mwalimu hueleza vita. Mkutubi hufundisha jinsi ya kutambua kwa nini magazeti mawili yanasimulia pigano moja kwa namna mbili. Mwisho wote wawili husahihisha kazi.

Hapa ndipo ratiba iliposhinda kanuni. Katika shule nyingi za msingi kila darasa lilipewa kipindi chake cha maktaba kwa wiki, nacho kikafanywa saa ya mwalimu kutayarisha masomo yake. Mkutubi akakabidhiwa watoto wakati ule ule mwenziwe alipoondoka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ushirika wa mtu mmoja haupo. Wakutubi walidai ratiba inayofuata mahitaji ya somo, lakini dai hilo liligusa nafasi ya mwalimu ya kupumua, na wakuu wa shule hawakuwa na mtu wa kuijaza.

Mwaka wa 1993 Keith Curry Lance na wenziwe walitoa uchunguzi wa shule 221 za Colorado. Waliona kuwa shule zenye wafanyakazi na vitabu vingi zaidi vya maktaba zilipata alama za juu, hata umaskini wa wakazi ulipotiwa katika hesabu. Na pale mkutubi aliposhiriki kufundisha, alama zilikuwa juu vile vile. Mwangalifu hatasema kuwa kuandamana kwa mambo mawili ni uthibitisho kuwa moja limezaa jingine. Hata hivyo, baada ya uchunguzi huo, asemaye kuwa mkutubi hana kazi ya kufundisha alidaiwa kuleta ushahidi wake.

Ushahidi haukutosha kuwalinda. Fedha zilipopungua baada ya msukosuko wa 2008, wilaya nyingi zilipunguza wakutubi, na mwaka wa 2023 wilaya ya Houston, Texas, iliwaondoa katika shule kadhaa. Jicho la kwanza lilikuwa limerudi: vitabu vilibaki rafuni, ikadhaniwa kuwa maktaba imebaki. Tangu siku za Kingsbury kosa ni lile lile, nalo huonekana kila mtu ahesabupo vitabu badala ya kuhesabu saa ambazo mkutubi na mwalimu hukaa meza moja. Shule itakayo kujua kama ina mkutubi au ina mlinzi wa ghala haina haja ya kusoma kanuni zake. Na isome ratiba yake.