Askari Akivua Gwanda, Asomee Wapi?

Binamu yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Texas, saa nane za usiku kwa saa zetu. Anatoka jeshini, jeshi la Marekani, baada ya miaka minane. "Ndugu yangu, wewe ndiye msomi wa ukoo," akasema. "Nisaidie kuchagua shule."

Anataka kujifunza kuchomelea vyuma, na ikiwezekana uhunzi wenyewe: moto, fuawe na nyundo. Serikali ya kule itamsomesha kwa miezi 36, ndiyo haki yake kisheria. Shule ziko mbili. Ya kwanza ina tangazo kubwa karibu na lango la kambi, mitambo inayong'aa, na inamaliza kazi kwa miezi saba. Ya pili ni chuo cha umma, darasa la jioni, mwaka mmoja na nusu, na mwalimu aliyepokea simu alisikika kama mtu aliyesumbuliwa akila.

Mimi kazi yangu ni kuandika habari na kusoma vitabu. Sijawahi kuunganisha hata misumari miwili. Lakini swali lake lilinikaa, kwa sababu katika ukoo wetu si yeye wa kwanza kuuliza. Tena wa kwanza hakupewa nafasi ya kuuliza.

Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru, na kichwa chake kinataja miaka: 1939 hadi 1945. Habari ya babu yetu inaanzia pale miaka hiyo inapoishia. Alikuwa askari wa King's African Rifles, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, mvua za masika zikinyesha. Huko alijifunza kutengeneza malori. Alitusimulia mara nyingi jinsi walivyoyakwamua matopeni, na sisi watoto tukacheka. Sehemu ya pili ya hadithi haikuwa na kicheko.

Aliporudi Kenya, kambini kabla ya kuachiliwa, karani alimuuliza anajua nini. Akajibu: magari. Karani akaandika: uhunzi. Kisa? Babu alikuwa Mkamba, na Wakamba, ati, ni wahunzi. Akapelekwa Kabete, kwenye chuo cha ufundi ambacho serikali ya kikoloni ilikifungua miaka ya 1920 kufundisha Waafrika useremala, uashi, uhunzi na kazi nyingine za mikono.

Tuwe wakweli, Kabete ilifundisha vizuri. Mafundi wake walijulikana. Lakini serikali iliwatazama wale askari kwa hofu. Hao ni watu waliokwisha kuona Wazungu wakikimbia risasi kama watu wengine wote, wakaonana na Wahindi waliodai uhuru wao. Askari Mzungu aliyetoka vita vilevile aliweza kupata mpango wa kumiliki shamba kwenye Nyanda za Juu, ambako Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki ardhi. Mwafrika alipata nyundo, kama alipata chochote. Na akishahitimu, mshahara wake ulifuata rangi kwanza, ujuzi baadaye.

Waruhiu Itote naye alipigana Burma. Alirudi akafanya kazi ya kuchochea moto kwenye garimoshi. Miaka michache baadaye alikuwa msituni, akiitwa Jenerali China, na mwaka 1967 akachapisha kumbukumbu zake, "Mau Mau" General. Ukikisoma kitabu hicho, kisome pia kama habari ya mtu aliyerudi nyumbani na kuona kwamba alichojifunza vitani hakina mahali pa kutumika.

Sasa tumfuate askari mwingine wa vita hivyohivyo. Tarehe 22 Juni 1944, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ambayo Wamarekani wanaiita GI Bill. Askari aliyetoka vitani angelipiwa karo ya hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na dola 50 za matumizi kila mwezi kama hana wa kumtegemea. Na shule achague mwenyewe! Kiasi cha watu milioni 7.8 waliitumia sheria ile. Tunapenda kukumbuka waliokwenda vyuo vikuu, lakini hao walikuwa milioni 2.2 tu. Wengi zaidi walijifunza kazi: redio, ushonaji, magari, kilimo, kuchomelea vyuma.

Nilipofika hapo nilimwonea babu uchungu. Halafu nikasoma kilichofuata.

Pesa ilipomwagika, shule zilichipuka kama uyoga. Serikali ililipa shule moja kwa moja, kwa hiyo kulikuwa na watu waliofungua darasa kwa ajili ya hundi, wala si kwa ajili ya mwanafunzi. Wengine walipandisha karo hadi ikagusa kile kiwango cha juu, wengine walirefusha mafunzo bila sababu. Askari akitoka pale, miezi yake ya haki imekwisha na kazi hana. Na askari mweusi, hasa wa majimbo ya kusini, alikuta kwamba uhuru wa kuchagua unapitia mezani kwa karani Mzungu wa mji wake. Alisukumwa kwenye kazi za chini, au kwenye shule za weusi ambazo zilikuwa chache na zimejaa. Nilimkumbuka karani wa babu. Bahari mbili kati yao, kalamu moja.

Bunge la Marekani lilichunguza, na mwaka 1952, sheria ya askari wa vita vya Korea ilipoandikwa, mambo yalibadilishwa. Pesa ikapitia mkononi mwa mwanafunzi. Shule ya ufundi ikatakiwa iwe imefanya kazi kwa miaka miwili kwanza. Na kukawa na sharti moja ambalo mimi naona lina akili za sokoni kabisa: katika kozi, wanaolipiwa na serikali kama maveterani wasizidi asilimia 85. Yaani lazima kuwe na watu wengine walioamua kwamba mafunzo hayo yanastahili pesa zao wenyewe. Mama yangu hujua kibanda kizuri cha chakula kwa kuangalia kama madereva wa matatu wanakula hapo. Ni hesabu ileile.

Kuna kisa kimoja zaidi kilichonisaidia. Wakati wa vita, Marekani iliacha kuunganisha meli kwa ribiti ikaanza kuzichomelea, kwa sababu ni haraka zaidi. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady, mpya kabisa, ilikuwa imetia nanga bandarini Portland, maji yametulia. Ikapasuka karibu vipande viwili. Kwanza walilaumiwa wachomeleaji. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba hata chuma chenyewe, na jinsi meli ilivyosanifiwa, vilikuwa na lawama. Kwa macho, meli ilikuwa nzima. Ndiyo maana fundi wa kweli hukata kipande cha kiungo chake na kukipinda mpaka kionyeshe kilichomo ndani.

Basi nikamjibu binamu, na sikumtajia jina la shule. Nilimwambia aende kwenye zote mbili, aulize maswali matatu. Darasani, ni wangapi wanajilipia wenyewe? Viungo vya wanafunzi hukatwa na kupindwa kila wiki, au hupigwa picha tu? Na waliomaliza mwaka jana wako wapi leo. Naweza kuongea na wawili?

Alinipigia baada ya siku kumi. Kwenye shule ya matangazo walimpa kofia na kalamu, na swali la kwanza hawakulijibu. Kwenye chuo cha umma, yule mwalimu mkali alimpeleka kwenye pipa la taka lililojaa vipande vilivyopindwa, akamwambia achague kimoja aseme kasoro iko wapi. Binamu alikosea.

"Na uhunzi?" nikamuuliza.

"Hawafundishi. Kuna mzee ana karakana nje ya mji, anafundisha Jumamosi, lakini hayumo kwenye orodha ya serikali. Nitamlipa mwenyewe."

Kisha akaniuliza koleo la babu liko kwa nani. Liko kwangu, juu ya kabati la vitabu, na mhuri wa Kabete bado unasomeka kwenye mpini. Wiki hii natafuta mtu anayesafiri kwenda Texas, mwenye nafasi ya kilo mbili kwenye mzigo.