Bakuli Linalofurika: Kabureta na Injini ya Pili ya Gari-Nyumba

Ubavuni mwa gari-nyumba la Kimarekani la miaka ya 1970, nyuma ya kijimlango ambacho mgeni angedhani ni cha kuwekea mizigo, mara nyingi kuna injini ya pili. Haisukumi gari. Kazi yake ni kuzungusha jenereta ili taa ziwake na kiyoyozi cha juu ya paa kipulize hata gari likiwa limeegeshwa katika jangwa la Arizona, mbali na nguzo yoyote ya umeme. Injini hiyo ikikaa miezi kadhaa bila kuwashwa, siku inapopigwa stata inaweza kukohoa mara mbili tatu, itoe moshi mweusi na harufu kali ya petroli, kisha inyamaze. Plagi zikifunguliwa, zimelowa. Chini ya kabureta kuna matone.

Kabureta imefurika. Mwenye gari hulaumu ubovu wa jenereta yake, au uzee wake, lakini ugonjwa huu umeizidi umri jenereta hiyo kwa mbali. Ulizaliwa pamoja na kabureta ya kunyunyiza petroli, na tangu 1893 umekaa mahali palepale: kwenye ncha ya sindano ndogo isiyozidi kidole kwa urefu.

Kabla ya hapo hapakuwa na cha kufurika. Gari la magurudumu matatu ambalo Karl Benz aliliombea hataza Januari 1886 lilitumia kabureta ya mvuke. Hewa ilipitishwa juu ya mafuta mepesi, ikachukua mvuke wake na kuingia nao kwenye silinda. Mfumo huo ulikuwa mpole na wa taratibu, na ulitaka mafuta yanayopaa kwa urahisi. Agosti 1888 Bertha Benz, mke wa mvumbuzi huyo, alilitoa gari hilo Mannheim pamoja na wanawe wawili na kulipeleka Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Alipofika Wiesloch alinunua mafuta ya ligroini kwenye duka la dawa, na bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Shida ya Bertha ilikuwa mafuta kutofika kwenye injini. Miaka mitano baadaye ikaanza shida ya mafuta kufika kupita kiasi.

Wilhelm Maybach, mwenzake Gottlieb Daimler, alikuwa akifanya kazi katika ukumbi wa bustani wa iliyokuwa Hotel Hermann huko Cannstatt, karibu na Stuttgart. Hapo ndipo alipounda kabureta yake ya kunyunyiza. Mjini Budapest, Donát Bánki na János Csonka walikuwa wamefikia wazo la namna hiyo, na ombi lao la hataza ni la Februari 1893, miezi kadhaa kabla ya lile la Maybach. Wazo lilikuwa rahisi na la ujasiri: badala ya kusubiri mafuta yapae yenyewe, hewa inapita kwa kasi kwenye koo jembamba, shinikizo linashuka, na petroli inafyonzwa kupitia jeti na kutawanyika kuwa vumbi la matone. Kushuka huko kwa shinikizo kulikuwa kumeelezwa na Mwitalia Giovanni Battista Venturi tangu 1797.

Ili jeti ifanye kazi, petroli lazima ikae mahali pamoja, milimita chache chini ya mdomo wa jeti. Ikishuka, injini inakufa njaa. Ikipanda, inatiririka yenyewe bila kufyonzwa. Kwa hiyo pembeni ya koo kukawekwa bakuli dogo, na ndani ya bakuli boya, ambalo gereji nyingi huliita floti. Petroli ikijaa, boya linapanda na kuisukuma sindano izibe tundu la kuingilia. Petroli ikipungua, boya linashuka na sindano inaachia. Ni kazi ileile ya boya la tangi la maji chooni, isipokuwa hapa kimiminika kinawaka moto na chombo chote kinatikiswa na injini.

Dunia nzima ya magari ilijengwa juu ya bakuli hilo. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kuzidi magari milioni 15, ilitumia kabureta za Holley na Kingston, na mafuta yalishuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake tu, bila pampu. Gari likisimama, petroli iliendelea kuisukuma sindano usiku kucha. Dereva mwangalifu alifunga koki ya chini ya tangi kabla ya kwenda kulala. Desturi hiyo haijafa: waendesha bodaboda wanaijua, na wakati wa mgao wa umeme wa 2011 nchini Tanzania, mwenye saluni aliyeijali jenereta yake aliifunga koki kwanza, ndipo akafunga mlango.

Maboya yenyewe yana historia inayostahili heshima kuliko inayopewa. Mengi ya mwanzo yalichongwa kutoka gome la mti, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, na kupakwa vanishi ya shelaki ili yasinywe petroli. Vanishi ikibanduka, boya lililowa, likawa zito, likazama, na sindano ikabaki wazi. Yakaja maboya ya shaba ya njano, matupu ndani, yaliyounganishwa kwa risasi ya kuchomelea. Hayo yalipasuka kwenye maungio na kujaa petroli kwa ndani. Baadaye yakaja ya povu gumu la kisasa, lenye vishimo vidogo vilivyofungwa, na hayo nayo hunywa petroli kidogo kidogo kwa miaka mpaka yakaongezeka uzito. Kila kizazi kilitatua kosa la kilichotangulia na kuleta namna yake ya kuzama.

Siku ambayo udhaifu wa bakuli hilo uligharimu zaidi ilikuja hewani. Katika kiangazi cha 1940, ndege za Uingereza za Spitfire na Hurricane zilipigana juu ya kusini mwa nchi hiyo zikiwa na injini za Rolls-Royce Merlin na kabureta za SU zenye boya. Rubani akisukuma pua ya ndege chini ghafla, petroli iliyokuwa kwenye bakuli ilirushwa juu, jeti ikabaki tupu na injini ikasita kwa nukta moja. Hilo lingevumilika. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi: boya, likiwa sasa limepotezewa mwelekeo, liliiacha sindano wazi, pampu ikamwaga mafuta kwa nguvu zote, na injini ikafurika. Wajerumani kwenye Messerschmitt Bf 109 hawakuwa na bakuli la kufurika, kwa sababu injini zao zilidungwa petroli moja kwa moja kwenye silinda. Walipiga mbizi na kutoroka, na rubani wa Spitfire akabaki nyuma na moshi mweusi.

Aliyelitatua tatizo hilo alikuwa Beatrice Shilling, mhandisi wa taasisi ya utafiti wa ndege ya Farnborough, mwanamke aliyewahi kukimbiza pikipiki kwa zaidi ya maili 100 kwa saa kwenye uwanja wa Brooklands. Aliona kwamba adui halisi hakuwa ile nukta ya njaa bali mafuriko yaliyoifuata. Hakuunda kabureta mpya. Alitengeneza kipande kidogo cha shaba chenye tundu lililopimwa, la kupitisha petroli kiasi kile injini inachohitaji ikiwa kwenye nguvu zake zote na si zaidi, kikawekwa kwenye njia ya mafuta. Hakikutaka ndege iondolewe kazini. Mapema mwaka 1941 Shilling na kikundi chake kidogo walizunguka viwanja vya jeshi la anga wakifunga vipande hivyo kwenye ndege. Havikuwezesha ndege kuruka kichwa chini kwa muda mrefu, lakini viliwapa marubani nafasi ya kupiga mbizi bila kupoteza injini, mpaka kabureta za namna nyingine zilipopatikana. Katika historia nzima ya kabureta ni vigumu kupata dawa ndogo kiasi hicho iliyofanya kazi kubwa kiasi hicho, na inastahili kufundishwa katika kila chuo cha ufundi.

Upande wa pili wa Atlantiki, jenereta ndogo ilikuwa ikikua kwa njia ya amani zaidi. David W. Onan alianzisha kampuni yake Minneapolis mwaka 1920, na muda si mrefu ikajulikana kwa mitambo midogo ya umeme. Wateja walikuwepo: katikati ya miaka ya 1930 karibu mashamba tisa kati ya kumi ya Marekani hayakuwa na umeme. Serikali ilipounda shirika la kusambaza umeme vijijini mwaka 1935, nguzo zilianza kufika mashambani. Baada ya vita ikatokea nyumba ya namna nyingine isiyofikiwa na nguzo. Mwaka 1958 Ray Frank wa Brown City, Michigan, aliijengea familia yake nyumba juu ya fremu ya gari la Dodge, na punde akaanza kuziuza. Mwaka 1966 kampuni ya Winnebago ya Forest City, Iowa, ilianza kutengeneza magari-nyumba kwa mfululizo na kuyauza kwa bei ya chini kuliko wengi. Kati ya 1973 na 1978 General Motors nayo ilitoa gari-nyumba lake lenye kuvutwa na magurudumu ya mbele, na mengi yalibeba jenereta ya Onan nyuma ya mlango wake mdogo.

Humo bakuli la Maybach lilikutana na maisha magumu kuliko yote. Gari hutumika wiki chache za kiangazi, kisha huegeshwa. Sehemu nyepesi za petroli hupaa na kuacha gundi ya kahawia inayoigandisha sindano. Siku ya safari pampu ya umeme inasukuma mafuta kwenye sindano iliyokwama wazi, au yenye chembe moja ya kutu, na hiyo moja inatosha. Mara nyingine gari limeegeshwa mteremkoni na petroli imelala upande mmoja wa bakuli. Nishati yenyewe imebadilika: sehemu kubwa ya petroli ya Marekani leo ina ethanoli hadi asilimia 10, ambayo huvuta unyevu na kuchakaza mipira ya zamani. Kilevi hicho hicho huyeyusha shelaki, ndiyo maana wenye magari na matrekta ya kale wenye maboya ya gome wameona yakizama upya.

Fundi anayeijua historia hii haanzi kwa kuibomoa kabureta. Kwanza anaiwasha pampu bila kuizungusha injini, na kuangalia. Petroli ikidondoka, kosa ni la sindano, la boya, au la pampu inayosukuma kupita kiasi. Isipodondoka na plagi bado zinalowa, anageukia choki iliyokwama ikiwa imefungwa au chujio la hewa lililoziba, kwani hapo hewa ndiyo pungufu. Akishafungua, huigeuza kabureta juu chini ili boya liikandamize sindano kwa uzito wake, kisha hupuliza kwenye tundu la mafuta. Hewa ikipita, petroli nayo itapita. Boya la shaba hutumbukizwa kwenye maji ya moto: hewa ya ndani hupanuka, na mapovu yakitoka, ufa umejionyesha.

Kabla ya kuwasha tena anavuta kijiti cha oili na kukinusa. Petroli iliyofurika huingia kwenye silinda na kupenya hadi kwenye oili, ikaifanya nyepesi na kupandisha kiwango chake. Injini ikiendeshwa hivyo inajisaga. Oili hiyo humwagwa. Chumba cha jenereta nacho huachwa wazi mpaka mvuke uishe, maana cheche moja ya swichi katika kisanduku chenye mvuke wa petroli inatosha kuiteketeza nyumba nzima ya magurudumu.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Kwenye magari-nyumba mengi bomba la jenereta ndani ya tangi huwa fupi, ili jenereta iache kunywa mafuta yakifika karibu robo na msafiri asikwame njiani. Hapo jenereta hugoma kwa njaa. Mwenye gari akiamini kwamba imefurika, huanza kufungua kabureta isiyo na kosa lolote.

Magari mapya ya Marekani yaliacha kabureta mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mbio za NASCAR za ngazi ya juu zikaiacha 2012. Jenereta za magari-nyumba zilichelewa, na miaka ya karibuni tu ndipo watengenezaji wamezipa baadhi mfumo wa kudunga mafuta wa kielektroniki, usio na bakuli wala boya. Zilizobaki, nazo ni nyingi, bado hununuliwa vifurushi vya ukarabati: gasketi, boya jipya, na sindano ambayo siku hizi ncha yake huwa ya mpira mgumu usioogopa ethanoli kwa urahisi.