Mbegu Imezidi, au Ardhi Ndiyo Imezidi?

Muuza pembejeo akikuonyesha gunia la mahindi ya mbegu mpya kutoka ploti moja, na kando yake nusu gunia la mbegu uliyoizoea, usitoe pesa bado. Muulize kwanza: ploti zilikuwa ngapi? Swali hilo lina historia, na lilizaliwa shambani.

Huko Uingereza kuna kituo cha utafiti wa kilimo kiitwacho Rothamsted. Kilianzishwa mwaka 1843 na John Lawes, mwenye shamba ambaye pia alitengeneza na kuuza mbolea ya superfosfeti (naam, mfanyabiashara). Yeye na mkemia Joseph Gilbert waligawa shamba la Broadbalk vipande virefu, wakapanda ngano: hapa samadi, pale mbolea ya chumvichumvi, kwingine bila kitu. Mavuno yakapimwa na kuandikwa mwaka hadi mwaka. Tofauti kubwa zilionekana kwa macho. Zilizosumbua ni zile ndogo, kwa sababu kila mbolea ilikaa kwenye kipande chake kilekile. Je, ni mbolea iliyozaa, au udongo wa pale?

Mwaka 1919 kituo kilimwajiri Ronald Fisher, mtu wa hesabu, apitie kumbukumbu hizo za miaka zaidi ya 70. Mwaka 1923, yeye na Winifred Mackenzie walichapisha matokeo ya jaribio la viazi mviringo: aina 12, zenye samadi na zisizo na samadi, na ploti zikarudiwa. Hapo ndipo walipotumia hesabu inayoitwa uchambuzi wa mtawanyiko.

Jina lisikutishe. Chukua mfano wangu. Mbegu ya zamani kwenye ploti tatu imetoa debe 5, 9 na 7. Wastani ni 7. Mpya imetoa 6, 10 na 8. Wastani ni 8. Imezidi debe moja. Lakini tazama: ploti za mbegu ileile moja zimepishana hadi debe 4! Ardhi peke yake inaleta tofauti kubwa kuliko hiyo unayouziwa. Kama kila ploti ya zamani ingetoa karibu 7 na kila ya mpya karibu 8, debe lilelile moja lingekuwa na uzito. Fisher alitenganisha tofauti hizo mbili, kati ya mbegu na mbegu na ndani ya mbegu moja, kisha akazilinganisha.

Kwenye viazi, samadi ilisaidia waziwazi, na aina zilitofautiana kwa mavuno. Ila wazo kwamba aina fulani hunufaika na samadi kuliko nyingine halikupata ushahidi. Baadaye Fisher aliona hesabu yake ilikuwa na kasoro, akairekebisha katika kitabu chake cha 1925. Mwaka 1926 akaandika kwamba ploti zipangwe kwa bahati nasibu, mtu asiipendelee mbegu yake.

Kwa hiyo ukijaribu msimu huu, gawa eneo ploti 6 au 8 zinazolingana, andika majina ya mbegu kwenye vikaratasi, mtoto achote kimoja kimoja kutoka kwenye kofia. Pima kila ploti peke yake, usichanganye magunia. Na kama kuna kichuguu, kiache nje ya ploti zote.